Darasa Lililosikia Kila Kitu

Kila asubuhi Kiranja alikuwa wa kwanza kufika darasani. Alifungua madirisha ya upande wa uwanja, akafuta ubao hata kama ulikuwa safi, kisha akasimama mlangoni kuwakagua wenzake kucha na kola kana kwamba shule ameijenga yeye. Jina lake halisi lilikuwapo kwenye orodha ya mahudhurio, lakini hata nyumbani walishazoea kumwita Kiranja. Alikuwa msichana mwenye bidii na moyo mzuri. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuvumilia darasa lake, la sita B, lishindwe na la sita A kwa jambo lolote, hata kuimba.

Sita B lilipakana na karakana ya vyuma. Ukuta ulikuwa mmoja, upande huu watoto, upande ule mafundi. Kipindi cha kwanza kikianza tu, msumeno wa kukatia vyuma nao ulianza kunguruma. Mwalimu alikatiza maneno, akasubiri, akaendelea, akakatizwa tena. Watoto walikwisha kuzoea, au ndivyo walivyosema. Baba yake Kiranja alikuwa mmoja wa mafundi hao. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, na akiwa mezani aliomba chumvi kwa sauti kubwa hivi kwamba hata majirani wangeweza kumletea.

Aliyeteseka zaidi darasani ni msichana aliyekaa dawati moja na Kiranja. Kwa kupenda kuongea alibandikwa jina la Chiriku. Sikio lake moja halikusikia vizuri tangu utotoni, kwa hiyo kelele zikizidi alimtazama mwalimu midomo. Mwalimu akigeukia ubao, Chiriku aliachwa hewani. Alama zake zilikuwa zinashuka, na mama yake alishamwambia wazi kwamba asipofanya vizuri muhula huu, atapelekwa mbali kwa shangazi yake, kwenye shule ndogo iliyotulia, akarudie darasa. Chiriku hakutaka kwenda. Rafiki zake wote walikuwa hapa.

Siku moja mwalimu mkuu aliingia na mgeni, mama mwembamba mwenye miwani na sauti ya taratibu.

"Huyu ni mtafiti wa saikolojia," alisema mwalimu mkuu. "Anachunguza jinsi akili zetu zinavyofanya kazi tunapojifunza na tunapokuwa kazini. Naomba msitutie aibu."

Mtafiti alitabasamu. "Hakuna aibu hapa, wanangu. Siwapimi ninyi, napima kelele. Nitawasomea hadithi, nanyi mtajibu maswali. Nitawasomea sita A pia hadithi hiyohiyo, halafu nitazungumza na mafundi huko karakanani. Nikiona kelele zinawazuia kusikia, shule itawahamishia kwenye ule ukumbi wa nyuma."

Ukumbi wa nyuma ulijaa viti vilivyovunjika, lakini ulikuwa kimya. Chiriku alimbinya Kiranja mkono kwa furaha. Kiranja wala hakugeuka. Katika yote yaliyosemwa, yeye alikuwa ameshika neno moja tu, aibu.

Sita A, ambao darasa lao lilikuwa mbali na karakana, walisomewa kwanza. Wakati wa mapumziko Kiranja alimfuata kiranja mwenzake wa sita A, akamzungusha kwa maneno matamu mpaka mwenzake akamsimulia hadithi nzima: muuza ndoo, punda wake mkaidi, mvua iliyowakuta njiani na maswali yaliyofuata. Kisha akawakusanya wenzake nyuma ya vyoo, akawasimulia yote na kuwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyeona kwamba ni udanganyifu. Walisema wanajiandaa, kama watu wanavyojiandaa kwa mtihani.

"Mimi sitaandika hayo," alisema Chiriku.

"Kwa nini?"

"Nikiandika nisichosikia, yule mama atajuaje kwamba sisikii?"

Kiranja alikunja uso. "Unajifikiria wewe tu. Darasa zima tukipata halafu wewe ukakosa, utatuangusha. Rafiki gani wewe?"

Chiriku, ambaye siku zote alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali, safari hii aligeuka akarudi darasani.

Baada ya mapumziko mtafiti aliwasomea. Msumeno ulinguruma kuanzia punda alipogoma hadi mvua ilipoanza, na sehemu nzima ya katikati ikapotea. Hata hivyo karatasi zilijazwa zote, na majibu yalikuwa sahihi. Chiriku naye alijaza, huku ameinamisha kichwa. Mtafiti alizipitia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hongereni," alisema. "Kwa kweli sikutegemea."

Siku ile Kiranja alirudi nyumbani kifua mbele.

Wiki chache baadaye mwalimu mkuu alitangaza kwenye mkutano wa asubuhi kwamba utafiti umekamilika. Sita B walikuwa wamesikia sawasawa na sita A. Mafundi nao walikuwa wamesema hawasumbuliwi na chochote. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuhamisha mtu, na viti vibovu vingebaki ukumbini. Wanafunzi wa sita B walipiga makofi kwa kusifiwa. Kiranja alipiga kuliko wote, mpaka alipotazama pembeni akaona mikono ya Chiriku imelala tu magotini. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Alielewa, lakini hakusema, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi kuliko hadithi ya punda.

Majaribio ya katikati ya muhula yalifanyika, na Chiriku akaanguka vibaya. Ijumaa mama yake alikuja kumchukua. Kiranja alimsaidia kutoa vitabu dawatini, akitafuta neno la kusema.

"Umenikasirikia kwa sababu ya ile hadithi?" aliuliza hatimaye.

"Hapana," alisema Chiriku. "Nimekasirika kwa sababu nilikwambia, nawe hukujali." Kisha akamfuata mama yake, wala hakuaga darasa.

Jioni hiyo walikaa mezani kula. Kiranja alimweleza baba yake yote. Ilibidi aseme mara mbili, ya pili kwa kupaza sauti, na kosa likisemwa kwa kupaza sauti linaleta aibu maradufu. Baba alisukuma sahani pembeni.

"Yule mama alituuliza na sisi kama masikio yanatusumbua," alisema. "Msimamizi wetu alikuwa amesimama palepale. Mimi ndiye mkubwa wao kwa umri, wakaningoja niseme. Nikasema hamna shida, sisi wanaume tumezoea. Wote wakafuata." Akamgeukia Kiranja. "Jumatatu tunakwenda kwa mwalimu mkuu, mimi na wewe."

Mwalimu mkuu aliwasikiliza hadi mwisho. Kiranja alisimama akingoja adhabu. Akapewa adhabu, ya kumweleza mtafiti mwenyewe kwa mdomo wake. Lakini mwalimu mkuu aliongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi ndiye niliyewatajia aibu." Kisha akachukua simu.

Mtafiti alifika siku iliyofuata. Hakugomba. Kiranja alitamani angegomba, maana ule utulivu wake ulikuwa mgumu kuuvumilia.

"Ulidhani nimekuja kuwatahini," alisema mtafiti. "Kumbe nilikuja kujua mnakwama wapi. Mimi huandika kile watu wanachonionyesha, mwanangu. Mlinionyesha darasa lisilo na shida, nikaandika hivyo. Nami nina kosa langu. Sikupaswa kusomea madarasa mawili hadithi moja, wala kuwauliza mafundi mbele ya msimamizi wao."

Kazi ikarudiwa. Hadithi ilikuwa mpya, na kila fundi aliulizwa peke yake. Sita B walikosa maswali mengi, na kwa mara ya kwanza Kiranja hakuona haya kushindwa na sita A. Baba yake alisema kweli, na wenzake wakasema yao. Kabla mwezi haujaisha mafundi walipewa vizibo vya masikio, kisha wakajitolea kuunga miguu ya viti vilivyovunjika. Ukumbi ukafagiliwa, na sita B wakahamia.

Mwalimu mkuu alimpigia mama yake Chiriku kumpa habari. Mama alishukuru, lakini akasema mtoto ameshaanza kule na hawezi kumyumbisha tena. Labda wangezungumza mwaka ujao.

Siku ya kwanza ukumbini, mwalimu alifundisha kwa sauti ya kawaida na akasikika hadi dawati la mwisho. Darasa lilifurahi. Kiranja alikaa peke yake kwenye dawati la watu wawili, na kila neno lililosikika vizuri lilimkumbusha nani alipaswa kulisikia. Jioni alimkuta baba yake akinawa mikono nje ya nyumba.

"Baba, nimesema kweli, na darasa limehama. Mbona bado inauma?"

"Kwa sababu tulichelewa," alisema baba. Akajifuta mikono na kukaa karibu naye. "Mtu akikuuliza unaumwa wapi, mwanangu, mwonyeshe panapouma. Usijifanye mzima ili usifiwe. Pengine wewe unaweza kuvumilia, lakini yupo mwenzio asiyeweza, naye anategemea wewe useme kweli. Mimi nimejifunza hilo uzeeni. Wewe lishike mapema."

"Ndiyo, baba." Kiranja alifuta machozi. "Likizo naomba niende kwa shangazi yake Chiriku. Nataka kumwomba radhi."

"Nitakupeleka mwenyewe," alisema baba. "Lakini uende kuomba radhi tu. Usiende ukitegemea atarudi nawe."