Nyumba Mbili za Mbele

Mimi Nyanjige nasema kweli: nilimwonea wivu Milembe. Ni jirani yangu hapa Kalemela, na mashamba yetu ya pamba yanapakana. Biashara huria ilipofika, mumewe akanunua simu ya upepo, akaiunga kwenye betri ya gari. Basi kila mwenye mgonjwa akawa anakwenda kwa Milembe kuita gari la kituo cha afya. Milembe kajifunga kitenge kipya, anaitikia salamu kwa maringo. Roho iliniuma.

Kisha uchaguzi ukakaribia, ikaja amri ya serikali: simu zote za upepo zizimwe. Askari wakaichukua ile ya Milembe. Nilicheka peke yangu jikoni.

Selestini, mganga wa kituo cha afya, hakucheka. Alituita akatueleza kwamba kosa letu lilikuwa kutegemea mlango mmoja. Akatukumbusha mwano, lile yowe la ng'ombe wakiibwa: anayesikia anapiga, wa mbele anapokea, na hakuna wa kulizima. Habari ya mgonjwa nayo ipite hivyo, nyumba hadi nyumba, kwa karatasi.

"Kila mmoja awe na nyumba mbili za mbele," alisema. "Moja ikifungwa, unapita nyingine. Na anayepokea asome kwa sauti kabla hajaondoka."

Mimi nilipangiwa nyumba ya Zengo, jirani wa upande wa pili, na ya Milembe. Nikasema Zengo ananitosha.

Wiki ya tatu ya mpango huo binti yangu Gloria, aliyekuwa mjamzito, akashikwa na uchungu, damu ikawa inatoka nyingi. Niliandika, nikakimbia kwa Zengo. Nikakuta kufuli. Wote walikuwa wamekwenda mnadani. Nilisimama pale na karatasi yangu, naogopa. Serikali ilizima simu, lakini njia hii nyingine nilikuwa nimeizima mwenyewe, kwa wivu.

Nikaenda kwa Milembe. Alikuwa anachambua pamba. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote.

"Lete, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha yetu.

Akasoma kwa sauti, akaifunga karatasi kwenye pindo la kitenge, akatoka mbio hadi kwa Magese mwenye baiskeli, naye akaifikisha kituoni. Kabla ya adhuhuri gari lilikuwa mlangoni kwangu.

Gloria alipona, na mtoto pia. Siku hizi nina nyumba tatu za mbele, na ya kwanza ni ya Milembe. Mjukuu wangu wamempa jina lake. Nikimwita uani, jirani naye huitika kwa kujidai, na wivu unanichoma tena kidogo. Naita hivyo hivyo.