Hati za Wasiorudi Kwao

Haya yalimpata shangazi yangu Nafula mwaka 2009, kwenye nyumba moja ya Muaither, huko Uarabuni alikofanya kazi za ndani, na anayetaka kubisha akabishane naye mwenyewe.

Madamu wake alikusanya hati za mkopo. Walizitoa Wapolandi waliokimbia kwao karne ya kumi na tisa: tukopesheni, tutalipa nchi yetu ikikombolewa. Wengi walifia ugenini. Zake zilikuwa adimu kwa kuwa mstari wa jina la mwenye hati ulikuwa mtupu. Alizilaza kwenye droo pana, na pasipoti za wafanyakazi juu yake, uzito uzinyooshe.

Alasiri moja madamu akiwa amelala, Nafula alifungua droo kufuta vumbi. Hati ya juu ilikuwa na jina, kwa wino wa kahawia. Proscovia.

Proscovia wa Mbale ndiye aliyemtangulia kazini. Kwa miaka tisa aliomba ruhusa ya kurudi kwao. Akafa, akazikwa hukohuko jangwani.

"Jebet," Nafula alinong'ona jikoni, "nani ameandika?"

Mpishi hakugeuka. "Hakuna mtu. Jina likiisha kuandikwa, mwenyewe harudi nyumbani. Ya chini yake usiangalie, tafadhali."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda palepale.

Kwenye hati ya pili wino ulikuwa mbichi. N. Kisha a. Kisha f. Hapakuwa na mkono. Hapakuwa na kalamu.

Aliogopa. Halafu akapandwa na hasira.

"Nyinyi mlishindwa kurudi," akaziambia hati. "Mimi mama ananingoja Webuye, mgonjwa. Sibaki!"

Akatia kidole mate, akafuta. Wino ukarudi. Akafuta. Ukarudi. Akafuta mpaka kidole kikachubuka na karatasi ikatoboka. Wino ukakoma.

"Umeharibu nini?" Madamu alikuwa mlangoni.

"Jina langu," Nafula akajibu, pasipoti tayari mkononi. "Nipe kibali cha kutoka nchini. Ama tusome hati ya tatu pamoja."

Madamu aliifunua, akaitazama. Akasugua jina lake mwenyewe kwa kidole; wino ukarudi. Kibali alikitia sahihi siku hiyohiyo.

Webuye, mama yake alimkumbatia akalia. Nafula alipofungua pasipoti, ikaanguka hati ya Proscovia. Hakuwa ameichukua.

Kesho yake akavuka mpaka kuipeleka Mbale. Ndugu wa Proscovia walikuwa wamezika shina la mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi. Wakafukua ili waiweke hati kando yake.

Mgomba haukuwepo. Kaburi lilijaa mchanga mweupe wa jangwani, na ulikuwa bado wa moto.