Si Kichwa, Daktari

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alikwenda uani kumsaidia baba yake kukunja mashuka. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua likizo. Baba alikuwa dobi. Alifua mashuka na taulo za nyumba mbili za wageni, na mikono yake ilishinda majini tangu asubuhi. Kazi ya kukunja walikuwa wameizoea: baba anashika ncha mbili, binti anashika mbili, wanavuta, wanakutana katikati, na habari za darasani zinaendelea bila kituo.

Siku hiyo walipovuta tu, baba akaachia. "Yalaa!" Shuka jeupe likatua kwenye tope.

"Baba, mikono yako imefanya nini?"

"Sabuni tu, mama. Sabuni kali."

Sabuni gani hiyo! Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelainika na kuchanika, na chini yake nyekundu. Tena Chiriku alikuwa na macho. Alikwisha kumwona baba akijikuna mapajani akidhani yuko peke yake. Siku hizi alikunywa maji yasimtoshe, usiku hakuisha kwenda chooni, na suruali zilianza kumpwaya.

"Au ni fangasi? Mwalimu wa sayansi alisema..."

Mpiga pasi, aliyefanya kazi na baba hapo uani, alikwisha kusikia. "Fangasi? Mzee mwenzangu, hiyo si ya wanawake? Basi kesho uje na gauni!"

Baba alicheka, lakini kicheko chenyewe kiliishia mdomoni. Mpiga pasi aliporudi kwenye mashati yake, baba alimvuta binti yake pembeni. "Hilo neno lisitoke tena mdomoni mwako. Ni siri yetu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Baba akaanza kupaka mafuta aliyopewa na jirani. Muwasho ulitulia siku chache, kisha ukarudi kwa kishindo, hata akashindwa kukamua taulo. Mama hakutaka mjadala. "Jumamosi ni zahanati. Chiriku, nenda naye, uhakikishe anaingia. Asije akaishia getini."

Aliingia. Lo! Daktari mwenyewe alikuwa binti wa umri wa kuwa mpwa wake. Chiriku alipomwona baba akisukuma mikono mifukoni, alijua mambo yameharibika.

"Shikamoo, baba. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kichwa."

"Kichwa tu?"

"Kichwa tu. Kinagonga."

Daktari akaanza kuandika vidonge vya maumivu. Chiriku aliitazama ile kalamu ikitembea. Alikuwa ameahidi. Katika maisha yake hakuwahi kutunza siri kwa muda mrefu namna ile, na alikuwa anajivunia. Lakini sasa baba angerudi nyumbani na dawa ya kichwa kisichouma, na ugonjwa wenyewe uendelee kumla.

"Si kichwa, daktari."

"Chiriku!"

"Si kichwa! Ni mikono, na anajikuna, na anakunywa maji usiku kucha, na amekonda! Nisamehe, baba." Akaangua kilio.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakucheka hata kidogo. "Ahsante, mdogo wangu. Sasa nisubiri hapo nje, nizungumze na baba."

Chiriku alikaa kwenye benchi akiwa peke yake, akiamini kwamba baba hatamwambia siri tena mpaka azeeke. Alipoitwa ndani, baba alikuwa amebana pamba kwenye kidole kilichotobolewa kwa ajili ya kipimo cha damu.

"Baba ameruhusu usikie," daktari alisema. "Ni fangasi, ndugu wa hamira ya mikate. Huishi kwenye miili ya watu, wanaume kwa wanawake, bila fujo. Wakipata joto na unyevu, kwenye vidole, kwapani au mapajani, ndipo wanazaana. Wanaume wengi wanaugua, ila wanakaa nao kimya. Hayo mafuta ya jirani yalituliza muwasho tu, fangasi wakaendelea kunenepa."

Alimpa baba dawa ya kupaka, akamwonya asiiache hata ngozi ikianza kupendeza, bali amalize muda wote alioandikiwa. Avae glavu anapofua, ajikaushe vizuri, abadilishe nguo zikilowa, na taulo lake liwe lake. Kisha akashusha sauti.

"Lakini baba, kilichonitisha zaidi ni sukari. Iko juu sana, na sukari ikizidi mwilini fangasi hushamiri. Kesho uje kabla hujala, tupime tena tuhakikishe. Ungeondoka na vidonge vya kichwa, siku nyingine ungeletwa hapa umebebwa."

Njia nzima ya kurudi baba alitangulia kwa hatua ndefu, na Chiriku akamfuata nyuma.

Kipimo cha pili kilithibitisha kisukari. Baba alianza dawa, akapunguza vitu vitamu, akawa anatembea kila jioni. Wiki zilipita. Ngozi ikafunga, usiku akalala.

Siku ya kurudi zahanati alimchukua tena Chiriku. Daktari alipouliza hali, baba aliweka mikono juu ya meza na kueleza kila kitu, tangu vidole hadi mapaja, bila kuinamisha uso. Walipotoka nje ya mlango, Chiriku hakuweza kuvumilia zaidi.

"Baba, bado umenikasirikia?"

"Siku ile nilikasirika sana. Kisha nikajionea aibu, maana nilikubebesha mzigo usio wa mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nakufundisha kuficha." Akapiga magoti, macho yao yakalingana. "Siri ya mtu usiipeleke barabarani, mwanangu, hata kwa rafiki unayekaa naye dawati moja. Lakini maumivu yake yapeleke kwa anayeweza kuyatibu, hata kama mwenye maumivu ni baba yako na amekukataza."