Aliyebisha Hodi Kutoka Ndani

Jumamosi ile Demetria, jirani yetu wa hapa Temeke, alitoka nyumbani akiwa na furaha zake. Yeye ni mtafiti wa mambo ya kale, na yeye na wenzake walikuwa wakichimba gereza lililotelekezwa kule Kigamboni, ambako mkoloni aliwafungia watu wa siasa. Mmoja wao alikuwa babu yake, Albano, mchonga vinyago, ambaye hakurudi tena. Bibi yake, Filomena, alikuwa amechoka kwa uzee, na alibakiwa na ombi moja tu: aletewe mifupa ya mumewe aizike kabla naye hajafumba macho.

Kilibaki chumba kimoja, mlango wake umezibwa kwa matofali. Mchana kweupe, Demetria na mwenzake Gozbert walikuwa wakikwangua chokaa taratibu, wakitaniana kuhusu mpira.

Mara ikatoka sauti nyuma ya ukuta. Ya mwanamume. Ya upole.

"Hodi."

Mtu aliyelelewa vizuri hafikirii mara mbili. "Karibu," Demetria akaitika.

Mwiko ukamponyoka Gozbert. "Dada, umemkaribisha nani?" alinong'ona.

Wakabomoa. Chumba kitupu. Hamna mifupa, hamna hata panya. Demetria akakusanya zana zake. Atamwambia nini Bibi?

Alifika nyumbani jua halijazama. Bibi alikuwa ameketi mkekani, kajifunga kitenge chake cha kanisani. Mbele yake sahani mbili, moja imekombwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaja mtu, kasema ni babu yako," Bibi alinong'ona. "Kasema wewe ndiye uliyemkaribisha. Kala, kaenda kulala."

Bibi akamvuta karibu.

"Mie macho sina, mjukuu wangu, ila nilimshika mkono. Albano alijikata kidole gumba kwa tezo akichonga, kikatoka kabisa, mwaka tuliooana. Huyu vidole vyake vyote vipo."

Demetria akasukuma mlango wa chumba cha Bibi. Hamna mtu. Dirisha lina nondo. Kwenye shuka, vumbi la chokaa lilikuwa limemchora mtu mrefu, kalala chali katikati ya kitanda.

Bibi aliposimuliwa, alilia. Hakulia kwa woga.

"Basi Albano wangu bado yuko kulekule gerezani," alisema.

Shuka walilichoma jioni ileile. Bibi akalala chumbani kwa Demetria, chumba kile wakakifunga kwa kufuli.

Asubuhi walifungua. Vumbi lilikuwa limerudi, juu ya godoro tupu. Safari hii umbo lile lilikuwa limejibana upande wa ukutani, kama mtu aliyempisha mkewe alale.