Bi Mkubwa Hatoki

Taa ya chumba cha mjane haikuwa na utambi wala tone la mafuta, lakini asubuhi ile ilinuka kama iliyozimwa muda huohuo. Seremala wa makumbusho aliinusa, akaipangusa, akainusa tena.

"Unaisikia harufu hii?" akamuuliza mkewe.

"Ni jasho lako hilo, baba watoto." Mke akacheka huku akijifunga vazi jeusi la maonyesho.

Kazi yake ilikuwa kumwigiza mjane aliyekuwa mwenye nyumba ile zamani, ili wageni waione historia ikitembea na kusema badala ya kusoma vibandiko ukutani. Sharti lilikuwa moja: mbele ya wageni, mwigizaji haachi uhusika wake, hata akiitwa na nani. Sharti hilo aliliweka mhifadhi. Huo ndio wadhifa wake hasa, ingawa wageni walimwita meneja naye hakuwasahihisha. Kila asubuhi alisimama kizingitini akatangaza: "Bi Mkubwa, nyumba ni yako. Karibu ndani!"

Siku hiyo Bi Mkubwa aliingia, akaketi, akaanza kusema kwa sauti nzito ambayo seremala hakuijua. Aliwasimulia wageni jinsi shemeji zake walivyomfungia chumbani humo mpaka akakata roho akikwaruza mlango. Hayo hayakuwamo katika mchezo. Wageni wakapiga makofi.

Seremala akasogea. "Mama watoto," akanong'ona, "toka nje kidogo."

"Huyu fundi kaingiaje bila kubisha hodi?" mke akauliza. Wageni wakaangua kicheko.

Akamkimbilia mhifadhi. "Bwana mkubwa, yule si mke wangu."

"Ndiyo uigizaji huo! Tangu tufungue hatujapata umati kama huu."

"Hapepesi macho!"

"Basi watu waje wamwone. Rudi kwenye randa yako."

Seremala akaenda kumleta mjomba wa mkewe, mganga aliyejulikana kwa kutoa majini. Mzee alifika mlangoni, akavuta pumzi, akarudi nyuma.

"Nani alimkaribisha?"

"Mhifadhi. Kila siku."

"Basi mimi sina nguvu hapa. Aliyemkaribisha ndiye amtoe. Aseme mbele ya watu kwamba mchezo umekwisha, kisha anyamaze. Asiongeze neno."

Mhifadhi, aliyekuwa amesogea na kusikia yote, akakunja uso. "Nivunje sharti langu mwenyewe, wageni wamejaa hivi?"

"Nikuambie mara ngapi?" seremala akasema. "Nikupigie magoti?"

Ndipo mke alipoinuka, akaenda kwenye mlango uliokuwa wazi, akaanza kuukwaruza kwa kucha polepole, kisha kwa kasi, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikazidi kuwa nzito mpaka watu wakakohoa, lakini hawakuondoka, waliinua simu zao wakapiga picha, na damu ikachirizika kwenye mbao ambazo seremala mwenyewe alizipiga randa, na nyuma yake, juu ya meza, taa isiyo na utambi ikawaka.

Mhifadhi aliiona. Akawageukia wageni.

"Mchezo… mchezo umekwisha."

Taa ikazimika. Mke akaanguka mikononi mwa mumewe, akapepesa macho.

"Baba watoto," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "vidole vyangu vina nini?"

Seremala alivifunika kwa viganja vyake. Alimkumbatia akalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo harufu ilikuwa ya mkewe tu, sabuni na jasho. Wageni wakalipuka kwa makofi na vigelegele. Mhifadhi aliyasikia, rangi ikamrudia, na mkono wake ukapanda kifuani kama ulivyozoea kila jioni. Akainama.

"Asanteni sana! Karibuni tena kesho!"

Mjomba alimrukia amzibe mdomo. Alichelewa.

Seremala aliusikia mwili wa mkewe ukikakamaa mikononi mwake. Macho yalikuwa wazi, yametulia kabisa.

"Nimeshakaribia," ikajibu sauti nzito.