Gorogoro Niliyoipeleka kwa Fundi

Nina miaka arobaini na sita, ni mjane, na nauza mahindi na maharagwe hapa Huruma, Eldoret. Wateja huniita Mama Nekesa. Msinionee huruma mapema... ngojeni mmalize kusoma!

Wakati wa kampeni, mheshimiwa mmoja alisimama mbele ya kibanda changu. Alichukua gorogoro yangu, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia mahindi, akauinua juu watu wote waone. Eti tukimpa kura mafuta yatashuka, na mafuta yakishuka kila kitu kitashuka! Mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mjinga mkubwa! Alipopata kiti, kitu cha pekee kilichoshuka ni kioo cha gari lake, tena kidogo tu, atupungie mkono.

Tangu hapo, kila katikati ya mwezi tunategea redio sikio, serikali itangaze bei mpya za mafuta. Petroli imepanda. Dizeli imepanda. Mafuta taa, ambayo wakubwa hawajui hata huuzwa wapi, nayo yamepanda! Kesho yake mwenye lori anayeniletea mahindi anaongeza nauli kabla hata hajanisalimia. Ukiuliza, unaambiwa ni kodi ya barabara. Barabara gani? Hii ya kwetu yenye matope, tunayoivuka kwa viatu vya gamboti?

Ningepandisha bei, wateja wangehamia kwa jirani. Basi nikajifanya mjanja. Nikapeleka gorogoro kwa fundi wa jua kali, wale wanaofua mabati kando ya barabara, aigonge kitako kiingie ndani. Kwa macho huwezi kujua, lakini ukipima unakosa viganja viwili vizima. Fundi alicheka sana, akaniuliza, "Na wewe mama, umepandishiwa mafuta?" Nikamwambia afanye kazi, aachane na mdomo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Wambui, anayepikia mafundi githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Nilipofiwa na mume wangu, Wambui alilala kwangu wiki mbili, akipikia waombolezaji bila kuitisha kitu. Huyo ndiye niliyempimia kwa gorogoro ile kila asubuhi! Halafu namwongezea kiganja kimoja juu, eti nyongeza ya rafiki... naye ananishukuru.

Haikuchukua muda, githeri yake ikaanza kuisha wateja wakiwa bado kwenye foleni. Sufuria ni ileile, gorogoro anazonunua ni zilezile, lakini sahani zinapungua. Nyumbani alikuwa anakaa na mdogo wake, Nyambura, aliyeachwa na mume akiwa na mimba ya miezi saba. Wambui akaja kwangu, rafiki yake wa miaka kumi, akiwa na mawazo. Je, inawezekana Nyambura anauza mahindi pembeni?

Jamani... si hapo ndipo ningesema ukweli? Mnajua nilijibu nini? Nilisema mwanamke mwenye mimba ana mahitaji mengi, kwa hivyo Wambui akae macho. Nikasema hivyo bila kupepesa jicho, kisha nikampimia gorogoro mbili!

Nyambura alifukuzwa Jumamosi. Alipita kwa kibanda changu na mfuko mmoja, akilia, akaniapia kwa jina la Mungu kwamba hajaiba hata punje. Aliniomba nimsemee kwa dada yake. Nikamwambia hayo ni mambo ya familia, sitaki kuingilia. Alipoenda, nikaanza kuilaani serikali kwa sauti, eti ndiyo imetufikisha hapa. Nikajisikia nafuu kabisa!

Lakini Nyambura aliondoka, na githeri bado ikawa inapungua. Wambui si mjinga. Siku moja alikuja na gorogoro yake mpya, kibanda kikiwa kimejaa watu. Akaniambia nipime kwa gorogoro yangu, nimwagie kwa yake.

Mahindi hayakufika juu. Akachukua gorogoro yangu, akaipindua, na kila mtu akaona alama za nyundo.

Nililia. Nikataja bei ya dizeli, nikataja lori, nikataja kodi... Mimi, nikijitetea kama wale waheshimiwa ninaowadharau! Wambui alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakupaza sauti.

"Mama Nekesa," akasema, "hata hao unaowatukana, wakitupandishia wanatangaza."

Akaenda zake. Hajawahi kunisalimia tena, na sina haki ya kumlaumu. Amemtafuta mdogo wake kule Turbo, amemtafuta mpaka Kitale, simu haiingii. Mtoto lazima ameshazaliwa. Hatujui ni wa kiume au wa kike. Hatujui kama wanakula.

Wasomaji wenzangu, watukaneni viongozi wetu, wameyataka wenyewe. Hata mimi sijaacha. Lakini kabla hujafungua mdomo, tafadhali, pindua kwanza gorogoro yako. Shida ikikubana, pandisha bei mchana kweupe, mteja akikuhama mwache aende. Usimwibie mtu aliyekuamini, halafu ukakubali mwingine aitwe mwizi kwa ajili yako. Utauza, ndiyo... lakini utalala vipi?

Na wewe Nyambura, kama gazeti hili limekufikia popote ulipo, rudi nyumbani na mtoto wako. Mwonyeshe dada yako ukurasa huu. Hukuiba. Mwizi ni mimi.