Kurasa Zilizohama

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la saba alipitia dukani kwa shangazi yake, duka la kuchapa na kutoa nakala, akasaidia kazi mpaka jua lipoe. Alikuwa na vidole vyepesi kwenye kompyuta, hata wenzake wakambandika jina la Umeme. Tena alikuwa na kinyaa kupita kiasi. Nzi akitua tu kwenye kikombe chake, chai yote humwagwa.

Ndiyo maana chama cha afya cha shule kilipoamua kuandika kijitabu cha usafi, yeye ndiye aliyejitolea kukichapa. Hali ilikuwa imefika pabaya. Sakafu za vyoo zilinata viatuni, ukutani kulikuwa na michirizi ambayo hakuna aliyetaka kujua ni ya nini, na nzi wa kijani walivuma kana kwamba wameitisha mkutano. Pipa la maji ya kunywa nalo lilikuwa na utelezi ndani, ukipitisha kidole unahisi kama umemgusa konokono.

"Yaani tunaishi kama mafunza!" Umeme alisema huku amebana pua.

Katika kijitabu kile, vipimo vya dawa ya kuua vijidudu vilikuwa viwili: cha vyoo ukurasa wa nne, na cha pipa ukurasa wa sita. Penye maelezo ya pipa, Umeme alichapa kwa mkono, "Kwa kipimo, tazama ukurasa wa 6." Marejeo ya namna hiyo yalikuwa mengi. Kazi ilipokwisha, akaona itapendeza zaidi akiongeza kurasa mbili za picha mwanzoni.

"Ukiongeza kurasa mbele, za nyuma zinasogea," shangazi alimwambia, akipakia karatasi kwenye mashine. "Umeyapitia marejeo yako yote?"

Umeme alitazama mlangoni. Rafiki zake walikuwa wakimsubiri nje. Kuyasaka marejeo yale mojamoja ni sawa na kuchambua mchele wenye mchanga.

"Nimeyapitia, shangazi."

Hakuwa amepitia hata moja.

Jumatatu, mama mpishi wa shule alitaka kulisafisha pipa. Akafungua kijitabu, akaelekezwa ukurasa wa sita, akakuta kipimo cha dawa. Kichwa cha habari, kilichosema kipimo hicho ni cha vyoo, kilikuwa kimebaki chini ya ukurasa wa tano, hakukiona. Akapima kama ilivyoandikwa, akamimina, akajaza maji.

Wakati wa mapumziko Umeme alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alipiga funda moja. Ulimi uliteleza kama umepakwa sabuni, koo likawaka, na harufu ya choo kilichotoka kusuguliwa ikampanda mpaka puani. Akatema. Nyuma yake wadogo nao walitema, mate ya kuvutika kama mrenda yakiwaning'inia videvuni, na mmoja wa darasa la kwanza akatapikia viatu vyake mwenyewe.

"Tumenyweshwa maji ya chooni!" mtu alipiga kelele.

Muuguzi aliitwa, akawaambia wasukutue vinywa, akawakagua mmoja mmoja. Bahati njema, wengi walitema kabla ya kumeza. Lakini mwalimu mkuu alikuwa amefura.

"Mama, ungeua watoto! Kuanzia leo kaa nyumbani."

"Mwalimu, mimi nimefuata kitabu neno kwa neno," mama mpishi alijibu.

Umeme alikitazama kijitabu mkononi mwa yule mama. Ukurasa wa 6. Sasa ulikuwa na kipimo cha vyoo; cha pipa kilikuwa kimesogea hadi wa nane. Alijichukia, akajiona mchafu kuliko pipa lile lilivyokuwa. Angeweza kunyamaza, nani angejua?

"Si yeye, mwalimu," alisema. "Ni mimi. Nilisogeza kurasa, nikamdanganya shangazi kwamba nimekagua."

Mwalimu mkuu alimgeukia mama mpishi na kumwomba radhi mbele ya wote. Vijitabu vyote vilikusanywa siku hiyohiyo.

Dukani, shangazi hakugomba. Alivuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Kaa hapa uone." Alifuta ile "6", akafungua menyu ya marejeo, akachagua kichwa cha habari cha kipimo cha pipa. Namba 8 ikajitokeza yenyewe. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaiagiza programu ionyeshe kivuli nyuma ya kila rejeo. Ile 8 ikawa na rangi ya kijivu nyuma yake.

"Kijitabu kikichapwa, kivuli kitatoka?" Umeme aliuliza.

"Hakitoki. Ni cha macho yako tu. Rejeo lililounganishwa lina kivuli. Uliloandika kwa mkono halina. Ukimaliza, chagua kila kitu, bonyeza kitufe cha F9, namba zote zinajirekebisha. Na bado unasoma kwa macho."

Umeme alishuka ukurasa baada ya ukurasa. Namba zisizo na kivuli zilimkera kama makamasi kwenye shati. Akaziunganisha zote, akaziangalia tena moja baada ya nyingine, akachapa.

Kesho yake alimpelekea mama mpishi nakala mpya na kumwomba msamaha. Yule mama aliifungua hapohapo, akafuata kila rejeo kwa kidole, ndipo akatabasamu.

"Umeona, mwanangu," shangazi alimwambia jioni. "Uchafu wa chooni unanuka, kila mtu anaukimbia. Uchafu wa kazi ya uongo haunuki, ndiyo maana watu huunywa."